Kiinua mgongo baada ya hoteli kufungwa Nungwi

Swali (mpishi, Nungwi):
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimepika miaka 8 katika hoteli ambayo sasa imefungwa. Tulikuta karatasi imebandikwa mlango wa jiko, ina muhuri lakini haina tarehe. Msimamizi anasema tunadai mshahara wa mwezi mmoja tu. Je, kiinua mgongo hatuna?

Jibu la kwanza:
Waalaykumu salaam. Pole sana. Sheria Namba 6 ya 2004 inatoa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, isizidi miaka 10, kwa hiyo wewe unadai siku 56.

Jibu la pili:
Namsahihisha ndugu yangu kwa heshima, maana kosa hili limewaponza wengi: sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Huku kwetu Zanzibar inayotumika ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na hesabu yako ifanywe kwa sheria hiyo pamoja na mkataba wako. Nenda Kamisheni ya Kazi mapema, uchukue mkataba, hati za mishahara na picha ya karatasi ile ya mlangoni, na tafadhali usitie saini popote panaposema umelipwa kila kitu ilhali fedha hujazishika. Kisha uliza ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, kama michango yako ilipelekwa. Hayo ni mafao mengine, mwajiri asikwambie kwamba ndiyo kiinua mgongo.

Muulizaji:
Ahsanteni. Mkataba ninao, kesho asubuhi nakwenda mjini na wenzangu.