Mondo wa kizimbani na mondo wa porini

Mkazi wa Makorora, Tanga
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu kwenye bustani moja ya wanyama, tukamwona mondo, yule paka mwitu mwenye madoa, kwa mara ya kwanza. Alikuwa hatua mbili tu kutoka tuliposimama, lakini muda wote alikwenda na kurudi kando ya wavu kwa njia ile ile, hadi udongo umefanya kijia. Mwanangu mdogo aliuliza kama anaumwa. Je, nihesabu kwamba nimemwona mondo, au nipange safari ya hifadhi ya Saadani, ambako huenda nisimwone kabisa?

Dereva mstaafu, Pangani
Wa aleikum salaam. Nimewaendesha wageni Saadani kwa miaka mingi, na mondo nimemwona mara tano. Mara ya mwisho ilikuwa alfajiri, si mbali na mto Wami, na kilichoanza kuonekana ni masikio mawili makubwa juu ya nyasi. Alisimama kimya hadi chai yangu ikapoa, kwa sababu mondo huwinda kwa kusikiliza zaidi kuliko kwa kutazama, na panya akichakurisha majani chini, yeye hujua alipo kabla ya kumwona. Kisha akaruka, miguu yote minne ikaiacha ardhi, akamshukia panya kwa miguu ya mbele. Kizimbani nyama huletwa, kwa hiyo masikio yale hayana kazi. Umbo lake umeliona, ndugu yangu. Uwindaji wake bado. Kule kwenda na kurudi kwa kawaida ni dalili ya mnyama aliyekosa shughuli.

Mwalimu, Bagamoyo
Shikamoo, mzee. Naomba nitofautiane nawe kidogo. Wanafunzi wangu humwita chui kila mnyama mwenye madoa, na fungo humwita paka ilhali si wa jamii ya paka. Wengi wao hawatapata nauli ya kwenda hifadhini, achilia mbali kiingilio, kwa hiyo hata mondo wa kizimbani angewafunza kitu. Ningeuliza tu kama mondo huyo alizaliwa kizimbani au alinaswa porini, maana hilo la pili siwezi kulitetea mbele ya watoto.

Mkazi wa Makorora, Tanga
Shikamoo, mzee wangu. Hizo mara tano ni katika miaka mingapi?

Dereva mstaafu, Pangani
Marahaba. Kumi na tisa. Nenda wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi, na uamke mapema. Watoto usiwaahidi mondo. Waahidi bahari, kwani hifadhi ile inapakana nayo.