Umefunga daunpaipu, gari la tabo limeanza sauti ngeni: tupeane uzoefu

Mlalakuwa_XT
Wakuu salaam. Jana nimepita gereji nikakuta Subaru Forester SG5 inawashwa ya baridi, tik-tik-tik-tik upande wa kulia, mwenye gari anaambiwa akatafute tabo (kile kinachosukuma hewa kwenye injini) nyingine. Imeniuma. Tuliopitia haya tuandike: ulifunga nini, ikalia vipi, na mwisho ikaonekana ni nini.

Yangu: nilifungiwa daunpaipu, bomba linaloshusha moshi kutoka kwenye tabo, ya inchi 3, fundi akarudishia gasketi ileile iliyotoka. Asubuhi inalia tik-tik, ikipata moto chuma kinatanuka, upenyo unaziba, kimya. Kila nikimpelekea anasema imepona. Kilichotoa siri ni masizi: mstari mweusi ukingoni mwa flenji (bapa la kuungia bomba), pale tu inapovujia, kwingine chuma kisafi. Gasketi mpya ya chuma yenye tabaka, nati mpya, kisha ikakazwa tena baada ya gari kupata moto na kupoa. Ikaisha.

Chuma_Kigumu
Masizi hayadanganyi. Naunga mkono.

Fundi_Gerezani
Msikimbilie tabo jamani. Gari ikiwa imezimwa na imepoa, ingiza hewa kwa blowa kwenye bomba la nyuma, funga matambara pembeni, pulizia maji ya sabuni kila ungio kuanzia kwenye kichwa cha injini hadi silensa. Panapotoa povu ndipo panapovuja. Na mjue, mvujo ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inanyonywa ndani, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Hapo ndipo mtu anapolalamika gari linakunywa.

Boksa_Nairobi
Huku Nairobi mimi nina shida ya kinyume. Nimenunua Legacy BP5 GT, nimebadilisha silensa, lakini ule mngurumo wa Subaru sijaupata. Kuna kitu kimeziba?

Mlalakuwa_XT
Hakuna kilichoziba ndugu. Mngurumo ule unatokana na mabomba ya kutolea moshi kwenye injini kutolingana urefu, moshi unafika kwa kupishana. BP5 GT ina mabomba yanayolingana na tabo ya njia mbili. Ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Dogo_STI
Mimi nilifunga ile valvu inayotoa hewa ya tabo nje, fyuuuu, tamu sana. Ila sasa nikiachia mafuta ekzosi inapiga pap-pap na plagi zinakuwa nyeusi.

Fundi_Gerezani
Gari lako lina sensa ya kupima hewa inayoingia. Hewa imeshapimwa, mafuta yameshapangwa, wewe unaimwaga hewa nje. Mafuta yanabaki bila hewa, yanakwenda kulipukia kwenye bomba. Rudisha ile ya kiwandani.

Dogo_STI
Mbona wengi wanazo na hawalalamiki?

Chuma_Kigumu
Hawalalamiki kwa sababu hawafungui plagi. Na umetoa masega ya kusafisha moshi pia, si ndiyo? Pap-pap lazima.

Dogo_STI
Masega nimetoa kwa sababu yalikuwa yameanza kumeguka! Baadhi ya hizi injini za EJ205 zina masega madogo kwenye bomba linalopanda kwenda kwenye tabo. Yakimeguka vipande vinaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo. Ulitaka niyaache?

Fundi_Gerezani
Ya pale juu umefanya vizuri. Ya nyuma ulipaswa kuacha. Tunavuta moshi wako sisi wote.

Mnyalukolo77
Nimesoma habari za mvujo nimeshindwa kupita bila kuandika.

Tulikuwa tunakwenda Iringa msibani, mimi, mke wangu, mtoto nyuma. Impreza imetoka kufungiwa bomba jipya la tabo. Kuanzia Mikumi nikisikia vuuuu kila nikikanyaga mafuta. Fundi kwenye simu: bomba kubwa lazima livume. Ruaha Mbuyuni tukapita. Kupandisha Kitonga tuko nyuma ya lori, gia ya pili, tabo inafanya kazi bila kupumzika, mara mvumo ukageuka kishindo na nguvu zikakatika. Vioo tumefunga kukwepa moshi wa malori, feni iko juu kabisa.

Mke wangu anasema kichwa kinamgonga. Namwita mtoto, haitiki. Namwita tena, anafungua macho, ananitazama kama hanijui, akatapika. Nilisogea penye nafasi, milango yote wazi, nikambeba nje. Alipoanza kulia nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kufungua boneti, nati nyingine za flenji ya tabo hazipo, iliyobaki naigeuza kwa vidole. Tabo ya gari hizi imekaa juu, nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini. Tundu la kuvutia hewa liko chini ya kioo cha mbele. Feni yangu ilikuwa inatupulizia moshi usoni. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, usisubiri kunusa. Basi likatuchukua, hospitali akawekewa oksijeni.

Boksa_Nairobi
Woi. Mtoto sasa yuko aje?

Mnyalukolo77
Mzima, yuko darasa la nne.

Mama_Ilala
Pole sana baba. Mimi nikisikia sauti mpya nashusha vioo vyote hata mvua inyeshe.

Chuma_Kigumu
Shusha vya mbele. Ukifungua mlango wa nyuma wa buti ndiyo unavuta moshi wa ekzosi ndani.

Fundi_Gerezani
Ukisikia hivyo simama, zima. Vioo si dawa.

Kaka_Mbezi
Wakuu samahani kurudi nyuma. Yangu inalia kok-kok, lakini ikipata moto ndiyo inazidi. Nimefunga ekzosi nzima na kuongeza presha ya tabo. Gasketi zote mpya.

Dogo_STI
Chomoa koili za plagi mojamoja. Sauti ikipungua ndiyo silinda hiyo imenoki, beringi yake imelika.

Fundi_Gerezani
Si lazima. Hata gasketi inayovuja kwenye silinda hiyo itapunguza sauti ukichomoa. Kinachonitisha ni kuzidi ikipata moto. Oili ikishapata moto inakuwa nyepesi, beringi iliyolika inagonga zaidi. Usiendelee kuwasha. Mwaga oili kwenye beseni safi, itazame juani.

Dogo_STI
Au weka oili nzito kwanza aende nayo.

Fundi_Gerezani
Usimpoteze mwenzio. Oili nzito inaficha sauti, beringi inaendelea kuliwa.

Kaka_Mbezi
Nimemwaga. Inametameta chenga za chuma.

Fundi_Gerezani
Usiguse ufunguo. Tafuta gari la kuvuta, na ukifika usikubali kubadilishiwa beringi tu. Krenki (mhimili wa injini) itolewe ipimwe, na kipoza oili pamoja na njia za oili za tabo visafishwe vyote, chenga hizo zimeshafika huko.