Walimu wetu wa udaktari, mnatukaririsha magonjwa adimu halafu mtihani unakuja na mtu anayehema tu!!

Wakuu nimechoka, leo naandika bila kupanga. Mwaka mzima kwenye raundi za wodini tunabanwa maswali ya feokromositoma (uvimbe adimu wa tezi iliyo juu ya figo) na visindromu ambavyo daktari mwenyewe kaviona mara moja tangu aanze kazi, ukishindwa kujibu unaaibishwa mbele ya mgonjwa. Halafu siku ya mtihani wa kliniki, ule wa kupita kituo hadi kituo, unaingia kituo cha kwanza unakuta mzee kakaa kitandani anakwambia "daktari, pumzi inanikata". Basi, hamna kingine. Na darasa zima linaduwaa.

Mimi nimepata sapu hapo hapo, yaani nimefeli na lazima nirudie mtihani. Nimeuliza mambo makubwa makubwa nikasahau kumuuliza analalia mito mingapi, kama anashtuka usiku anatafuta hewa, kama miguu inavimba. Maswali matatu hayo yangenielekeza moja kwa moja kwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu. Pumzi zake sikuhesabu kabisa. Mtu mzima aliyetulia anavuta kama 12 mpaka 20 kwa dakika, namba naijua tangu mwaka wa kwanza, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kusimama pembeni yangu nikahesabu dakika nzima akaniambia sawa au umekosea. Hata siku moja!

Maumivu ya kifua ndio usiseme. Hilo lazima lije, kila mtu anajua, na bado hatufanyishwi mazoezi. Yameanza ghafla au taratibu, yanabana au yanachoma, yanapanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho linamtoka, yanazidi akivuta pumzi? Akisema yanachana mpaka mgongoni uwaze mshipa mkuu wa damu umechanika ukuta wake. Kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu yoyote, sasa mwanafunzi anayesubiri mgonjwa ajishike kifua atamuua huyo mtu. Simaanishi mtihanini, namaanisha kazini.

Tumbo nako hivyo hivyo. Mwanamke wa umri wa kuzaa analalamika tumbo la chini, watu wanakimbilia kidole tumbo, kipimo cha mimba hakuna aliyekitaja, wakati mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka anavuja damu ndani kwa ndani mpaka anakufa. Kichwa kilichouma ghafla kikafika kileleni ndani ya dakika moja ni damu kwenye ubongo mpaka uthibitishe sivyo, kikija na homa na shingo kukakamaa waza meninjaitisi, yaani uvimbe wa utando unaozunguka ubongo. Hivi ni vitu vya kila siku jamani.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki, mtihani huu wa vituo Ronald Harden na wenzake walioutoa Dundee, Uskoti, mwaka 1975 walitaka kupunguza bahati nasibu, mwanafunzi asihukumiwe kwa mgonjwa mmoja na mtahini mmoja, wote wapite vituo vilevile wapimwe kwa vigezo vilevile. Sasa mbona nyie mnafundisha kwa bahati nasibu? Ukiangukia kikundi cha daktari mwenye moyo unafundishwa, ukiangukia kwingine unashika faili na kukimbiza majibu ya maabara miezi miwili.

Msiniambie nisome vitabu, nimesoma. Kitabu hakinioni nikisahau kunawa mikono, hakinioni nikimkatiza mgonjwa kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, hakinioni nikiweka stetoskopu juu ya shati. Maksi zinapotelea huko.

Ninachotaka ni nusu saa. Mwalimu mmoja akae pembeni nikichukua historia ya mgonjwa wa kawaida kabisa anayekohoa wiki ya tatu, anyamaze mpaka nimalize, aniambie nimeruka nini. Nimeomba kwa watu wanne. Marudio ni wiki mbili zijazo na mpaka naandika hapa hakuna aliyekaa.