Jiko la kambi ufukweni: mtungi, la mchina, la mkaa au mafiga?

Mchovu_wa_Raskazone (mwenye mada)
Wakuu, habari za jioni. Tuko watu wanane, mwisho wa mwezi tunakwenda Kigombe siku tatu, na mwezi ujao tukijaaliwa tunapanda Amani, kule milima ya Usambara. Safari iliyopita tulibeba jiko la mchina na sufuria mbili nyepesi. Kusi ilikuwa inavuma, jiko likazimika mara nne kabla maji ya chai hayajachemka. Wali uliungua chini, katikati mbichi, na wote unanuka mafuta ya taa. Tukaishia mkate na ndizi. Sasa nataka vitu vichache, vya kudumu. Nawaza mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichwa chake, au jiko la mkaa, au mafiga tu. Na sufuria ninunue zipi?

Pwani_Raha
Mtungi, mjadala umefungwa. Njiti moja ya kiberiti, chai hiyo. Anayependa moshi apike kwao.

FundiWaNgamiani
Pwani_Raha, wewe unapika gari likiwa pembeni. Hiyo kilo 6 ni gesi peke yake, weka na chuma chake inapita kilo 10. Kigombe sawa. Amani kwenye njia za msituni ataubeba nani?

Halafu upepo. Gesi nayo inapeperushwa, tofauti ni kwamba haizimiki upesi. Unaweza kukaa nusu saa moto unalamba ubavu wa sufuria na gesi inakwisha bure. Watu wakiona hivyo wanazungushia bati pande zote, na hapo ndipo penye hatari: joto linarudi kwenye mtungi, mgandamizo unapanda. Kinga upande upepo unakotoka tu, kwingine acha wazi. Kila baada ya muda gusa mtungi kwa kiganja. Ukiwa wa moto, zima. Na kabla ya safari paka povu la sabuni pale kichwa kinapoingia. Likitoa mapovu, mpira umechoka, badilisha.

La mchina usilirudie. Tambi zake zinataka hewa iliyotulia, jikoni kwa mama. Tena tangu 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa kuzuia uchakachuaji wa dizeli, ule unafuu wake haupo.

Nahodha_Mstaafu
Mafuta ya taa si mabaya, ubaya ni tambi. Sisi tulikuwa na jiko la pampu, Primus, lile la Wasweden la mwaka 1892. Amundsen, yule mpelelezi Mnorwe, alikwenda nalo Ncha ya Kusini mwaka 1911, sembuse Kigombe. Ila lina tabu zake, kisindano cha kuzibulia kikipotea mnalala njaa.

Jahazini tulipikia kwenye sanduku la mbao lililojaa mchanga, mafiga juu ya mchanga, ubao umesimamishwa upande wa upepo. Chombo kinayumba na chungu hakimwagiki. Kama mnakwenda kwa gari, karai kuukuu la zege na mchanga vinatosha.

BiMkubwa_Pangani
Wanangu, mnagombania moto na sufuria hamjaitazama. Huo wali ulioungua chini kosa si la jiko peke yake. Sufuria nyembamba inapata moto mahali pamoja, kitako kinabonyea, basi kila siku unaungua palepale. Nunua zile nzito za alumini wanazomimina mafundi. Joto linatambaa hadi pembeni, na ikianguka gari likiruka shimo haipindi. Za chuma cha pua zinang'aa, lakini alumini inasambaza joto vizuri kuliko pua. Ya pua mimi naiwekea mchuzi wa ukwaju tu, kwa sababu ukwaju na ndimu zikilala ndani ya alumini zinaila na chakula kinapata ladha ya bati.

Chukua tatu zinazoingiana. Sufuria zetu hazina mikono, zina ukingo tu, ndiyo maana zinakaa moja ndani ya nyingine na katikati unatia vikombe na mwiko. Kila moja na mfuniko wake, bapa. Wali wa nazi ukikauka maji unaupalia makaa juu, ukaive taratibu. Hapo Pwani_Raha na mtungi wake atapalia nini?

Kaango la chuma ni zuri kwa samaki, lakini hewa ya chumvi italivika kutu usiku mmoja. Likishaoshwa likaushe motoni, lipake mafuta lingali na joto. Mkipikia kuni, nje ya sufuria paka udongo laini kwanza, masizi yatatoka na udongo wake.

Sasa mafiga. Msiokote mawe ya ufukweni! Lile jiwe la matumbawe lina vitundu vimejaa maji. Yakipata moto yanageuka mvuke, jiwe linapasuka. Ushongo lilinipasukia, kipande kikaingia kwenye mchuzi wa pweza, kingine kikapita sikioni kwa mjukuu wangu. Beba matofali matatu, au kile chuma cha miguu mitatu. Kuni za mkoko msikate. Vifuu vikavu vina moto mkali, na makumbi yafukizieni mbu.

Mtu_wa_Lushoto
Shikamoo Bi Mkubwa. Naongeza la milimani. Huku kwetu, kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage yanakula moto kuliko huko pwani. Yalowekeni usiku kucha. Na baridi isiwadanganye mkaingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Hewa yake ya sumu haina harufu, mtu anasinzia ndiyo basi.

BiMkubwa_Pangani
Marahaba mwanangu.

Pwani_Raha
Bi Mkubwa umenipiga bao kwenye kupalia. Ila chai ya alfajiri na mvua inanyesha, mtaniita.

Mchovu_wa_Raskazone
Nimewasoma wote. Kigombe tunakwenda na jiko la mkaa ndani ya karai la mchanga kama alivyosema Nahodha, na mtungi kwa ajili ya chai tu. Amani mtungi unabaki kwenye gari. Jana nimejaribu uani, upepo wa baharini ukipiga: sufuria nzito, kilo moja ya mchele, makaa machache juu. Ukoko ulitoka mwembamba, wa kahawia, watoto wakaugombania.

Tatizo moja, mfuniko wa ile kubwa unacheza, mvuke unatoka upande mmoja. Fundi, unaweza kuubana?

FundiWaNgamiani
Lete na sufuria yenyewe, usilete mfuniko peke yake.