Naomba ushauri: wasifu wa A. S. Neill niuanzie wapi?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naandika wasifu mfupi wa A. S. Neill, mwalimu Mskoti aliyeanzisha shule ya bweni ya Summerhill, na nimekwama. Alianzia Hellerau, Ujerumani, mwaka 1921, lakini jina Summerhill lilitokana na nyumba waliyohamia baadaye Lyme Regis, Uingereza. Mji wa Leiston, huko huko Uingereza, walifika 1927. Ukurasa wa kwanza nimeuandika na kuufuta mara tatu. Kinachonigusa hasa ni ule mkutano wa shule wa kupigia kura sheria: mtoto mdogo kabisa alikuwa na kura moja, na Neill mwenyewe moja tu. Je, nianze na mkutano huo au na Hellerau? Na masomo ya hiari, yaani mtoto kuamua mwenyewe kuingia darasani au la, niyaelezeje, msomaji asidhani shule haikuwa na sheria? Zilikuwepo, tena nyingi, na watoto walishiriki kuzitunga.