Je, kipimo cha jeni kinaweza kunionyesha kama nitaugua sonona?

Muulizaji:
Mama yangu ameugua sonona kali mara mbili, na mdogo wake anatumia dawa za ugonjwa huo hadi leo. Nimefikia umri ambao mama alianza kuugua, na ingawa sina dalili yoyote, hofu hainiachi. Nimesoma kuhusu jeni inayohusika na usafirishaji wa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na hisia, kwamba mwenye umbo lake fupi huelemewa zaidi anapopatwa na misukosuko. Nikipimwa jeni hiyo, nitapata jibu?

Jibu la kwanza:
Hutalipata. Jeni hiyo ilipata umaarufu mwaka 2003, kutokana na utafiti wa vijana waliofuatiliwa tangu utotoni huko Dunedin, New Zealand, na kwa miaka mingi ilitajwa kana kwamba suala limekwisha. Mwaka 2019 watafiti walizichunguza upya jeni 18 zilizokuwa zikihusishwa sana na sonona, hiyo ikiwamo, kwa kutumia taarifa za mamia ya maelfu ya watu, wakakuta kwamba hazina uhusiano na ugonjwa huu unaozidi ule wa jeni zilizookotwa tu bila mpangilio. Inanisikitisha kwamba bado wapo wanaouza kipimo chake.

Jibu la pili:
Naongeza jambo moja, ili isidhaniwe kwamba urithi hauna nafasi. Uchambuzi wa tafiti za mapacha uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba tofauti za kijeni zinaeleza takriban asilimia 37 ya tofauti zilizopo kati ya watu katika uwezekano wa kuugua. Hiyo ni hesabu ya jamii nzima. Haisemi kwamba wewe una uwezekano wa asilimia 37. Urithi wenyewe umetawanyika: utafiti mkubwa wa mwaka 2025 ulibainisha karibu tofauti 700 katika vinasaba, na kila moja huongeza au kupunguza hatari kwa kiasi kidogo mno. Hata zikijumlishwa kuwa alama moja, alama hiyo haitoshi kumtabiria mtu mmoja mmoja, na hukosea zaidi kwa wasio na asili ya Ulaya, kwa kuwa sehemu kubwa ya taarifa ilitoka kwa watu wa asili hiyo.

Muulizaji:
Nashukuru. Basi historia ya mama haina maana kwangu?

Jibu la tatu:
Ina maana, tena kuliko kipimo hicho. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua ana hatari iliyo kati ya mara mbili na tatu ya asiye naye, lakini wengi wao hawaugui. Mweleze daktari historia hiyo, na ukiona huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kumedumu wiki mbili, pamoja na usingizi au hamu ya chakula kuvurugika, usisubiri. Mimi nina pacha tunayefanana kwa vinasaba. Yeye aliugua tukiwa na miaka ishirini na minne, akatibiwa, akapona. Mimi, hadi leo, sijaugua.