Wakala wa viza alituambia nikaha haihesabiki, kisha akanifunza kuikana mbele ya ubalozi

Ndugu wanajamvi, assalamu alaykum, na salamu kwa wote.

Ninaandika haya nikiwa nyumbani Lamu, mtaa wa Langoni, siku ya tisa tangu nirudi kutoka Nairobi na pasipoti isiyo na viza. Ofisi ninayoilalamikia sitaitaja kwa jina, kwa kuwa bado imeshikilia cheti changu halisi cha kuzaliwa, lakini yeyote aliyewahi kupita Malindi kwa shughuli za viza pengine ataitambua kabla sijamaliza.

Aliyeniposa ni mzaliwa wa hapa hapa kisiwani ambaye ameishi Ohio miaka mingi hadi akapata uraia wa Marekani. Uraia huo ni sharti, kwa sababu mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hawezi kumwombea mchumba. Posa aliileta mwaka 2023, akaja mwenyewe, tukaonana mbele ya wazee, na hilo pia ni sharti, maana sheria yao inataka wawili wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya ombi kupelekwa. Mei 2024 alilipa dola 675 na kupeleka fomu I-129F, ambayo ndiyo mwanzo wa viza ya mchumba, ile iitwayo K-1. Mpaka hapo hakukuwa na haja ya wakala. Tulimtafuta kwa sababu sisi wa huku tuliuogopa ubalozi kama mtu anavyoogopa korti, naye akatuambia kwamba kwa shilingi 85,000, zinazolipwa kwa awamu 3, tusingekuwa na la kufikiria tena.

Agosti 2024 mchumba wangu alikuja likizo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wasioijua viza hii waelewe kwamba inampeleka mtu Marekani akiwa hajaolewa, na ndoa inatakiwa ifungwe huko ndani ya siku 90 tangu aingie. Baba alipoelezwa hivyo alikataa katakata. Alisema binti yake hatapanda ndege kumfuata mwanamume asiye mumewe, ziwe siku 90 au ziwe siku 9. Simlaumu baba kwa hilo, kwa sababu hata mimi, nikisema kweli, nilikuwa nikilifikiria usiku na kukosa usingizi. Akampigia wakala simu mwenyewe, amekaa dakani, pale mlangoni mwa nyumba, sauti imefunguliwa hata jirani wanasikia, akamuuliza waziwazi kama tukifunga nikaha sasa tutaharibu ombi. Jibu alilopewa ninalikumbuka neno kwa neno: "Mzee, ozesheni tu. Nikaha ni mambo ya dini, Wamarekani hawayahesabu. Ila msichukue cheti cha kadhi."

Basi tukaozwa. Khatibu alikuja, walii alikuwa baba, mashahidi wakakaa, mahari yakatajwa na kukabidhiwa. Cheti hatukuchukua.

Ningependa niseme kwa utaratibu kwa nini maneno yale yalikuwa uongo, kwa sababu ninaamini si sisi peke yetu tulioambiwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu kuwa ndoa kama ndoa nyingine. Wamarekani nao, wanapotaka kujua kama mtu ameolewa, hutazama sheria ya mahali ndoa ilipofungwa. Kwa hiyo siku ile khatibu alipomaliza khutuba na mume wangu akasema "nimekubali", mimi sikuwa mchumba tena kwa hesabu ya mtu yeyote, wa Lamu wala wa Washington, na ombi la viza ya mchumba lilikuwa limekufa hapo hapo huku sisi tunagawa halua. Cheti ni ushahidi wa ndoa, si ndoa yenyewe. Ubaya wa ushauri ule ni kwamba ulitufungia milango yote miwili kwa pamoja: bila cheti nisingeweza kuombewa kama mke, na kwa nikaha nisingeweza kupewa kama mchumba.

Na njia zilikuwepo, tena zinazoeleweka. Tungeweza kuiacha posa ikae posa, baba akatafutiwa utulivu kwa namna nyingine, pengine kwa kuandamana na shangazi au kwa ahadi ya akdi, yaani nikaha, kufungwa wiki ile ile ya kufika. Au tungeweza kuozana kwa uwazi, tukaisajili ndoa, tukaliacha ombi la mchumba na kuanza lile la mke, ambalo fomu yake ni I-130, na ambalo mwishowe humfikisha mtu akiwa mkaazi wa kudumu badala ya kwenda kubadilisha hadhi huko huko. Mtu anayejiita mshauri wa viza katika mwambao huu, anayehudumia Waislamu asubuhi hadi jioni, angepaswa kuwa na swali moja kabla hajapokea hata shilingi: mtaozana kabla ya safari au baada ya safari? Yeye hakuliuliza, na alipoulizwa alidanganya.

Ombi lilikubaliwa Januari 2025, faili likapelekwa Nairobi. Fomu DS-160, ile ya mtandaoni ya kuombea viza yenyewe, aliijaza yeye ofisini kwake. Palipoulizwa hali yangu ya ndoa aliandika kwamba sijaolewa, palipoulizwa kama nimesaidiwa kuijaza akaandika hapana, kisha akabonyeza saini kwa niaba yangu ilhali saini hiyo hutakiwa iwe ya mwombaji mwenyewe. Anwani ya barua pepe aliyoiweka ilikuwa yake, si yangu. Matokeo yake ni kwamba taarifa ya tarehe ya mahojiano ilikaa kwake mpaka zikabaki siku 9, na katika siku hizo nilitakiwa nivuke hadi Mokowe upande wa bara, nipande basi hadi Mombasa, nipande treni hadi Nairobi, nipimwe afya kwa madaktari wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ndipo nifike ubalozini Gigiri na faili kamili. Nilikohoa kwa uchovu mbele ya mpiga eksirei hata nikahofia atanidhania nina kifua kikuu.

Fedha nitazipitia upesi, maana si ndizo zinazoniuma zaidi. Cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi huombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, yeye alinitoza 6,000. Ada ya viza hii ni dola 265, ambazo kwa bei ya dola ya wakati ule hazikufika shilingi 35,000, yeye alichukua 60,000 na risiti yake imeandikwa "ada za ubalozi na nyinginezo".

Kinachoniuma ni karatasi. Siku nne kabla ya mahojiano alinipa karatasi ya maswali 40 na majibu yake, akaniambia niyahifadhi kama juzuu. Majibu mengine hayakuwa hata ya kwetu: kulikuwa na jibu la kwamba tulikutana ufukweni, wakati mimi na mume wangu tunajuana tangu chuoni, yaani madrasa ya utotoni, tukisomeshwa na mwalimu mmoja. Swali la 31 lilikuwa: je, mmefanya sherehe yoyote ya ndoa? Jibu: hapana. Nilimwambia, "Kaka, hili siwezi." Akacheka, akasema, "Dada, hiyo ni sekunde moja tu ya maisha yako." Hakuniambia kwamba anayepatikana amemdanganya afisa wa ubalozi ili apate viza anaweza kufungiwa kuingia Marekani maisha yake yote, wala kwamba mtu wa kiapo siku hiyo ningekuwa mimi, si yeye.

Ubalozini nilihojiwa kwa Kiswahili, kwa adabu, kupitia kidirisha. Niliweka alama za vidole, nikainua mkono wa kulia, nikaapa. Niliulizwa mume wangu anafanya kazi gani, anaishi na nani, kama aliwahi kuoa kabla. Hakuna hata moja lililohitaji kuhifadhiwa. Kisha afisa akafungua picha, na katika zile picha 20 za kuthibitisha uhusiano, ambazo wakala alizichagua mwenyewe baada ya kuniamuru nifute zote za siku ya akdi, ilikuwemo moja nimekaa na mume wangu, mikono yangu ina hina na piko, yale mapambo ya bibi harusi, hadi karibu na kiwiko. Aliipenda, alisema inaonyesha mapenzi. Mtu wa pwani ambaye hajui mwanamke hupakwa piko namna ile siku gani! Afisa akaishikilia, akaniuliza: "Siku hii kulikuwa na nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia pia kwamba fomu haikujazwa na mimi na kwamba hali yangu ya ndoa iliyoandikwa si sahihi. Alinisikiliza, akaandika kwa muda mrefu, akanieleza kwamba hawezi kunipa viza ya mchumba kwa sababu mimi si mchumba, na kwamba ombi litarudishwa Marekani. Akasema mume wangu anaweza kuanza upya kwa kuniombea kama mke wake. Pasipoti akanirudishia pamoja na karatasi ya kukataliwa. Nilipotoka nje nilikaa kando ya barabara nikalia, na sioni haya kulisema.

Nilipompigia wakala hakuniuliza hata kama nimefika salama. Alisema nilijiharibia mwenyewe kwa kusema yasiyosemwa. Sasa tunakwenda kwa kadhi kuomba ndoa yetu isajiliwe na tupate cheti, ili mume wangu apeleke I-130, na katika faili hilo jipya ninakihitaji cheti changu halisi cha kuzaliwa. Wakala anasema hatakitoa mpaka nilipe shilingi 20,000 za awamu ya tatu, ambayo kwa mujibu wa makubaliano tuliyotia saini hulipwa "viza ikitoka".

Ninaomba mambo mawili kwa wanaosoma. Aliyewahi kudaiwa awamu ya mwisho na ofisi ya aina hii hali viza haikutoka, anieleze alivyoirudisha hati yake, kama ni kwa chifu, kwa polisi au kwa wakili. Na aliyefanyiwa fomu na ofisi ile ya Malindi tangu mwaka 2024, ambaye mahojiano yake bado hayajafika, aidai leo hii nakala ya DS-160 yake na asome mwenyewe kilichoandikwa kwenye hali ya ndoa.